James Augustus Grant na kamera ya macho mawili mjini Unguja, 1860

Huenda wasikilizaji wetu wa Kismayuu na wa visiwa vya Wabajuni wanalijua jina la Grant kwa njia ya mnyama tu. Swala granti, yule mwenye pembe ndefu na tumbo jeupe aishiye katika mbuga kavu za Afrika Mashariki, alipewa jina hilo mwaka 1872 kwa heshima ya mwanajeshi Mskoti aliyeitwa James Augustus Grant. Vitabu vya historia navyo humtaja kama mtu wa pili, mwenzake John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la mto Nile kati ya 1860 na 1863. Kazi moja aliyoifanya Grant mwenyewe, na inayotuhusu watu wa pwani kuliko hilo chimbuko, haitajwi sana. Mwaka 1860, katika mji wa Unguja, alisimamisha kamera ya kupigia picha za jozi. Picha hizo mtazamaji akizitia katika chombo chake huuona mji ukiwa na kina, ukuta huu mbele na ule nyuma, kama auonavyo mtu aliyesimama pale kwa macho yake mawili.

Picha za namna hiyo ndizo wazazi wa filamu za pande tatu ambazo leo hutengenezwa kwa kompyuta. Nasi tuna sababu ya kuzitazama. Tangu vita vya 1991 Wabajuni wengi wameishi mbali na visiwa vyao, wengine Kenya, wengine Ulaya, na watoto waliozaliwa huko wanaijua Chula au Chovai kwa maneno ya wazee. Kompyuta ya kawaida sasa inaweza kumjengea mtoto huyo msikiti wa mawe, kisima, mikoko na mashua iliyopwelewa, kisha ikamtembeza humo kana kwamba yumo. Lakini kutembeza huko kuna elimu yake. Kamera ya macho mawili ikisukumwa ovyo huwaumiza watazamaji vichwa, na mji uliokusudiwa kuonekana ukageuka kichezeo. Grant aliigusa elimu hiyo ilipokuwa changa, katika joto la Unguja, kwa mkono wa kulia wenye kilema.

Mtoto wa mchungaji wa Nairn

Alizaliwa Aprili 11, 1827 huko Nairn, mji mdogo wa ufuoni kaskazini mwa Uskoti, ambako baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma Aberdeen, na mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 19, akaingia katika jeshi la Bengal nchini India. Alipigana Multan na Gujrat katika vita vya Wasikh. Huko India ndiko alikokutana na Speke, kijana mwenzake aliyependa uwindaji, wakawa marafiki.

Maasi makubwa ya 1857 yalimkuta India. Katika mapigano ya kuufungua mji wa Lucknow uliokuwa umezingirwa, mkono wake wa kulia ulijeruhiwa, ukabaki na upungufu wa vidole. Mwaka uliofuata alirudi kwao. Speke alipopewa na Royal Geographical Society ya London jukumu la kurudi Afrika, ili athibitishe kwamba ziwa aliloliona mwaka 1858 ndilo chanzo cha Nile, alihitaji mwenzi asiyegombania sifa. Safari yake ya kwanza, pamoja na Richard Burton, ilikuwa imeishia katika uadui. Akamchagua Grant. Waliomjua Grant walimsifu kwa upole na uaminifu, na miaka mitatu iliyofuata ilizijaribu sifa hizo mpaka zikakaribia kuwa hasara kwake.

Kabla ya kumfuata baharini, tukitazame chombo alichokichukua.

Siri ya macho mawili

Mtu akinyoosha kidole mbele ya uso wake akafumba jicho la kulia, kisha la kushoto, hukiona kidole kikiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Macho yamepishana kwa takriban sentimita 6 na nusu, kwa hiyo kila moja huuona ulimwengu kwa pembe yake, na akili huziunganisha picha mbili zikawa moja yenye kina. Mwaka 1838 mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwamba ukichora kitu mara mbili, mara kama kionwavyo na jicho la kushoto na mara kama kionwavyo na la kulia, kisha ukalipa kila jicho mchoro wake, karatasi bapa itaonekana ina umbo. Chombo alichokibuni kwa kutumia vioo alikiita stirioskopu. Mskoti David Brewster alitengeneza mwaka 1849 kilicho kidogo zaidi, chenye lenzi, na baada ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 chombo hicho kikawa pambo la sebule za Ulaya. Watu waliketi nyumbani wakatazama piramidi za Misri na magofu ya Roma.

Picha za jozi zilipatikana kwa njia mbili. Ama kamera ilikuwa na lenzi mbili ubavu kwa ubavu, ama ilikuwa na lenzi moja iliyoteleza juu ya reli fupi kati ya picha ya kwanza na ya pili. Njia hii ya pili ndiyo mwendo wa kwanza wa kamera katika historia ya picha zenye kina: hatua moja ya sentimita chache, kutoka kushoto kwenda kulia. Kitu chochote kilichotikisika katikati ya picha hizo mbili, iwe jani au mtoto, kiliharibu jozi nzima, kwa sababu macho mawili yalikuwa yameambiwa habari mbili zisizopatana.

Jahazi la watumwa njiani

Speke na Grant waliondoka Uingereza mwishoni mwa Aprili 1860, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kutoka huko wakapanda meli ya kivita iitwayo Brisk kuja Unguja. Katika mlango wa bahari wa Msumbiji meli hiyo iliifukuza na kuikamata merikebu ya matanga iliyoitwa Manuela. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya watu 800 waliokuwa wakipelekwa utumwani ng’ambo ya bahari. Grant alikuwapo, akayaona kwa macho yake. Walitia nanga Unguja Agosti 17.

Mji waliouona ulikuwa chini ya Sayyid Majid bin Said, aliyerithi upande huu wa milki baada ya kifo cha baba yake, Sayyid Said, mwaka 1856. Bendera ya Unguja ilidai mamlaka mpaka pwani ya Benadiri. Si Grant wa kwanza kuleta kamera katika bahari yetu: nahodha Mfaransa Charles Guillain alipita Unguja, Barawa, Marka na Mogadishu kati ya 1846 na 1848, na baadhi ya michoro ya kitabu chake ilitokana na picha zilizopigwa kwenye mabamba ya fedha. Lakini picha za namna ile zilimpa mtazamaji jicho moja tu. Grant alileta mawili.

Miongoni mwa picha alizozipiga imo ya soko la watumwa. Mtu akiitazama leo hana budi kukumbuka kwamba wiki chache kabla yake mpiga picha huyu alikuwa ameiona Manuela. Waliouzwa Unguja hawakubaki wote katika mashamba ya karafuu. Wengine walipakiwa majahazini kuelekea kaskazini, hadi Barawa, Marka na Mogadishu. Baadhi ya waliofikishwa pwani hiyo, na vizazi vyao, walitoroka wakajenga vijiji vyao katika misitu ya mto Juba, na mpaka leo wapo watu wa Gosha wanaozungumza Kizigua, lugha ya bara la Mrima. Kwa msikilizaji wa Kismayuu, basi, soko lile si habari ya kisiwa cha mbali. Historia imelihifadhi jina la mpiga picha. Majina ya waliosimamishwa sokoni haikuyahifadhi, na picha yenye kina, inayomfanya mtazamaji aone kama angeweza kunyoosha mkono akamgusa mtu, huufanya ukimya huo uwe mzito zaidi kuliko picha bapa.

Kazi yenyewe ilikuwa adhabu. Katika njia iliyotumika siku zile, bamba la kioo hupakwa dawa nzito, likachovywa katika maji ya nitrati ya fedha gizani, likatiwa katika kamera lingali bichi, likapigwa picha, kisha likasafishwa kabla halijakauka. Mwanya kati ya mwanzo na mwisho ni dakika chache, na kwenye joto hupungua. Kwa hiyo mpiga picha husafiri na giza lake, yaani hema dogo lililozibwa kila upande, naye humo ndani akivuta mvuke wa dawa. Grant aliifanya kazi hiyo Unguja katika joto la Agosti na Septemba, na kwa mkono ule uliopungukiwa na vidole.

Kamera yake ilisimama juu ya miguu mitatu, haikwenda popote. Utulivu huo ulikuwa lazima, na mwanafunzi wa leo ambaye kamera yake ya kompyuta inaweza kuruka kama kipanga angefaa auige kwa mwezi mmoja kabla ya kujaribu kitu kingine.

Mwendo wa kamera kwa anayeanza

Tuseme kijana ameijenga Koyama ndani ya programu kama Blender, ambayo hupatikana bure na tangu mwaka 2015 ina uwezo wa kutoa picha za macho mawili. Kitu cha kwanza atakachoulizwa ni umbali kati ya jicho la kushoto na la kulia. Programu humpa 0.065 ya mita, kipimo cha uso wa binadamu. Wengi huona kina kimekuwa kidogo, wakayatanua macho hayo. Hapo ndipo kosa linapoanza. Mwenye macho yaliyopishana kwa mita nzima ni jitu, na kwa jitu kisiwa ni kitu cha kuchezea. Nyumba zitaonekana kama za udongo zilizofinyangwa na watoto, na mashua kama vifuu vinavyoelea.

Baharia hupimaje umbali, basi, ikiwa macho yake yamekaribiana hivyo? Kwa mwendo. Chombo kikitoka Kismayuu kuelekea kusini na kupita kati ya visiwa na bara, mikoko ya karibu hukimbilia nyuma, kisiwa cha mbali hujisogeza polepole, na mwezi hauachwi, unafuatana na nahodha mpaka Ras Kiamboni. Tofauti hiyo ya kasi inaeleza umbali hata kwa mtu mwenye jicho moja. Macho mawili hufanya kazi yake vyema kwa vitu vya karibu, vya mkononi na vya chomboni, na kadiri kitu kinavyokwenda mbali msaada wake hupungua. Anayetaka kuonyesha ukubwa wa bahari ayaache macho ya kamera yalivyo, aisogeze kamera kwa ubavu, taratibu, na kitu cha karibu kiwekwe mbele, labda mlingoti au tawi, ili jicho lipate cha kulinganishia. Huu ndio mwendo wa kwanza wa kujifunza, nao una undugu wa karibu na ile reli fupi ya wapiga picha wa zamani.

Kwenda mbele ni kugumu zaidi. Wanaoanza huchanganya kusogea na zumu. Zumu hukikuza kitu bila mtazamaji kuondoka alipo; katika picha ya macho mawili vitu hukuzwa lakini hubaki bapa, kama karatasi zilizokatwa zikapangwa moja nyuma ya nyingine. Kamera inayosogea yenyewe hupita kati ya vitu, na vitu hufunuka pande zake. Tatizo ni kwamba kila inapokaribia, tofauti kati ya picha mbili huongezeka. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: umbali kati ya lenzi mbili usizidi sehemu moja ya 30 ya umbali wa kitu kilicho karibu zaidi. Kitu kikiwa mita 3 mbele, lenzi zisipishane zaidi ya sentimita 10. Kikiwa nusu mita, zisifike hata sentimita 2. Kwa hiyo kamera inayotoka ufuoni na kuishia kwenye bawaba za mlango wa msikiti lazima iyakaribishe macho yake kidogo kidogo njiani, pasipo mtazamaji kugundua. Kanuni hiyo ni kikomo cha juu. Kwa ukuta ulio mita 30 inaruhusu lenzi zipishane kwa mita nzima, na tumekwisha ona jitu huuona mji namna gani.

Kuna pia mahali ambapo picha mbili hulingana kabisa, na kitu kilichopo hapo huonekana kimekaa juu ya kioo chenyewe. Kilicho karibu zaidi hutokeza kuelekea kwa mtazamaji, kilicho mbali huzama ndani. Mahali hapo pakiachwa bila kurekebishwa wakati kamera inasonga, mlango uliokuwa ndani utavuka kioo na kumjia mtu usoni, na ukikatwa na ukingo wa picha wakati umetokeza hivyo, akili hukataa: vipi kitu kilicho mbele ya dirisha kikatwe na fremu ya dirisha? Afadhali vitu vikubwa vibaki ndani, vichache tu vitokeze, tena katikati ya picha. Kwa upande wa pili, vitu vya upeo wa macho visitenganishwe kwenye kioo kwa zaidi ya zile sentimita 6 na nusu, kwa sababu macho ya mtazamaji yatalazimika kutazama nje, kila moja upande wake, na Mungu hakuyaumbia kazi hiyo.

Jicho moja la kamera lisipande juu ya lingine. Katika kompyuta hili ni rahisi, yafungwe yote mawili kwenye mzizi mmoja. Kamera isigeuzwe ghafla kutoka upande huu hadi ule. Macho huhitaji muda kuziunganisha picha mbili, na kabla hayajamaliza mandhari imekwisha badilika. Ama kuiyumbisha kamera kama mashua kwenye mawimbi ya kusi, hilo humjia kila kijana wa pwani aanzapo. Amejengewa bahari, atakosaje kuyumba? Mtazamaji aliyeketi kitini, ambaye masikio yake hayasikii wimbi lolote, atapata kichefuchefu hata akiwa nahodha mtoto wa nahodha.

Grant hakulijua lolote kati ya haya kwa majina yake ya leo. Lakini mtu aliyeyapanga macho mawili mbele ya kuta za Unguja aliyajua ya msingi: jozi iwe sawa kimo, umbali uchaguliwe kabla, na kitu kisitikisike mpaka kazi iishe.

Kamera yarudishwa

Msafara uliondoka Bagamoyo mwanzoni mwa Oktoba 1860, watu zaidi ya 100, miongoni mwa viongozi wake Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India na baadaye akarudi huru. Kamera ilichukuliwa bara. Haikufika mbali. Baada ya wiki chache Speke aliona kwamba joto la lile hema dogo la kutayarishia mabamba lingemwua mwenzake, akairudisha Unguja pamoja na askari wagonjwa waliotoka Rasi. Hapo ndipo picha za macho mawili za safari ile zilipokoma. Karagwe, Buganda na Bunyoro za miaka ile hazikupata kuonwa kwa kina hicho, na mtu anaweza kulaumu uamuzi huo, ila kifo cha Grant kisingetuletea picha vilevile.

Grant akashika rangi za maji na penseli. Kwa mkono wake ule alichora watu, nyumba, ngoma, mimea na mito, kila mchoro ukiwa na maelezo pembeni. Speke alipochapisha kitabu chake mwaka 1863, michoro mingi iliyomo ilitokana na kalamu ya Grant. Mtu aliyekuwa amejizoeza kuweka vitu katika tabaka za karibu na mbali hakuupoteza ujuzi huo kwa kupoteza kamera.

Karagwe, karibu na mwisho wa mwaka 1861, mfalme Rumanika aliwapokea kwa ukarimu ambao wageni hao waliukumbuka maisha yao yote. Hapo mguu wa Grant ulifanya donda baya, akawa hawezi kusimama. Wenyeji walijaribu dawa zao, ikiwamo tope la moto lililochanganywa na samadi na chumvi, bila nafuu. Januari 1862 Speke alimwacha, akaenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Grant alibaki miezi mitatu akiwa hana la kufanya ila kutazama na kuandika, kamera isiyosogea, tungesema. Kumbukumbu zake za Karagwe ni miongoni mwa zilizo na maelezo mengi ya maisha ya kila siku. Aprili alibebwa kwa machela, mwishoni mwa Mei akamfikia mwenzake.

Kisha likaja jambo ambalo wanahistoria hawajaacha kubishania. Speke alipokaribia mahali ambapo maji hutoka ziwani kuingia Nile, alimtuma Grant upande mwingine, Bunyoro, naye akaenda peke yake na watu wake. Julai 28, 1862 akayaona maporomoko. Grant, aliyekuwa ametembea na kubebwa karibu miaka miwili kwa ajili ya siku hiyo, hakuwapo. Mguu wake ulikuwa sababu iliyotajwa. Hakulalamika hadharani wakati ule wala baadaye, hata baada ya Speke kufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864. Alihudhuria mazishi na kumtetea rafiki yake muda wote uliobaki. Wengine huuona huo kuwa uungwana. Mimi naona ndani yake pia mtu aliyemaliza nguvu zake.

Picha ya Cairo

Walifika Gondokoro Februari 15, 1863, wakashuka na Nile hadi Cairo. Wengi wa waliotoka Unguja walikuwa wamekufa au wametoroka njiani. Waliobaki, Bombay akiwa mkuu wao, walikuwa 18. Huko Cairo walipigwa picha ya pamoja kabla ya kusafirishwa kurudi Unguja kwa njia ya Suez na Aden. Safari iliyokuwa imeanza kwa kamera kurudishwa kutoka njiani ikaishia mbele ya kamera ya mtu mwingine, na safari hii waliotazama lenzi walikuwa ni wale waliobeba mizigo.

Mwaka 1864 Grant alipewa nishani ya dhahabu ya Royal Geographical Society, akatoa kitabu chake kuhusu kutembea katikati ya Afrika, ambacho jina lake lilitokana na maneno ya waziri mkuu Palmerston aliyemtania kwa urefu wa matembezi yake. Alioa mwaka uliofuata. Mwaka 1868 alitumikia idara ya upelelezi katika vita vya Waingereza huko Uhabeshi, kisha akastaafu jeshi. Mimea aliyoikusanya na kuikausha njiani, kutoka pwani ya Mrima hadi Nile, ilielezwa na wataalamu katika chapisho kubwa la Linnean Society lililotoka kati ya 1872 na 1875.

Wakati huohuo Unguja ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na penye soko la Mkunazini likajengwa kanisa. Biashara yenyewe iliendelea kwa siri katika mito na visiwa vya kaskazini kwa miaka mingi baadaye.

Grant alifariki kwao Nairn Februari 11, 1892, akiwa na umri wa miaka 64. Michoro yake ya rangi na makaratasi yake yamehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Uskoti mjini Edinburgh, na picha zake za jozi za Unguja ziko London, kwa jumuiya iliyomtuma. Anayezipata hahitaji chombo cha Brewster ili aone kina chake. Aziweke nakala mbili ubavu kwa ubavu kwenye kioo cha simu, atazame kupitia miwani ya karatasi yenye lenzi mbili, naye ausubiri mji wa 1860 utulie machoni.